Mti na Nia ya Aliyeupanda



Katika darsa yetu ya baada ya Isha hapa Lodwar liliulizwa swali ambalo mwanzo lilionekana dogo, na kila tulipolishika likazidi kuwa kubwa. Swali lenyewe ni hili: mtu akitoka siku ya kupanda miti, akachimba shimo, akatia mche kwa nia safi ya kutaka radhi za Mwenyezi Mungu, kisha akarudi kwake asiuangalie tena, na mche ule ukafa kwa kiu kabla ya mwezi kwisha, je, mtu huyo amepata thawabu ya mwenye kupanda mti? Wako waliojibu upesi kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na nia yake ilikuwa njema, basi maneno yamekwisha.

Sisi jibu hili halikututosha. Si kwamba twaionea choyo rehema ya Mwenyezi Mungu, kwani rehema si mali yetu hata tukaigawa au tukaizuia. Lakini twaona kuwa jibu hili, likiachwa hivi lilivyo, ndilo lililoujaza mji wetu mashimo matupu.

Asiyeijua nchi yetu na aelezwe kidogo. Lodwar imekaa kando ya mto Turkwel, na mvua yake ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 200, tena haina ahadi: hukaa miezi haikuonekana, kisha hushuka kwa siku moja ikalijaza korongo la Kawalase na kuingia majumbani mwa watu. Nairobi hupata mvua mara nne au tano ya hiyo. Serikali ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2022 azma ya kukuza miti bilioni 15 ifikapo 2032, na ilipoifanya tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili raia wapande miti, na tena tarehe 10 Mei 2024 kwa kupanda miti na kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, amri ilikuwa moja kwa nchi nzima, lakini ardhi si moja. Mche uliopandwa Nyeri waweza kuishi kwa mvua na umande. Mche uliopandwa Lodwar usiponyweshwa kwa mkono wa mtu, wiki baada ya wiki, mpaka mizizi yake ishuke chini, huo umezikwa, haukupandwa.

Na tuvitazame viwanja vya wazi vya mji wetu, pembeni mwa barabara, karibu na masoko, ukingoni mwa mto. Viko ambavyo vimechimbwa mashimo zaidi ya mara moja, na kila mara wageni wakaja, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Mahali pengine kibao cha sherehe kingali kimesimama wala hakuna mti hata mmoja wa kukitia kivuli. Kiwanja chenyewe kimerudi kuwa jaa. Kila mtu akiulizwa husema kuwa mahali pale si pa mtu. Neno hili "si pa mtu" tutalirudia, maana ndani yake mna kosa kubwa.

Kwanza tumalize habari ya nia. Hadithi ya nia ni msingi wa dini yetu, na Imamu Bukhari ameitanguliza mbele ya hadithi zote za kitabu chake. Hakuna Muislamu awezaye kuichezea. Lakini hadithi ile yasema juu ya mtendaji na malipo yake mbele ya Mola wake; haisemi kuwa nia njema huligeuza dhara likawa manufaa, wala kuwa mtu akishanuia amekwisha tenda. Mfano wa hayo tunao wenyewe, tena hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta, kwa kuwa umeota mpaka mlangoni petu.

Mfano huo ni mathenge, ambao ndugu zetu Waturkana wauita etirae. Asili yake ni Amerika. Hapa Kenya ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973, ili kuifufua ardhi iliyochimbwa mawe ya saruji, na katika miaka ya 1980 ukaletwa Turkana na sehemu nyingine kavu. Walioupanda walitaka nini? Walitaka mama apate kuni bila ya kutembea siku nzima, walitaka mchanga uzuiliwe, walitaka kivuli. Nia hiyo nani awezaye kuitia ila? Na mti ulikubali, ukakubali kupita kiasi. Ukazishika kingo za Turkwel ukawa kichaka kisichopenyeka, ukaziba njia ambazo mifugo ilikuwa ikishukia majini, miiba yake ikaingia katika kwato na nyayo, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo waliishitaki serikali mahakamani kwa ajili ya mti huu, na mbuzi asiye na meno akapelekwa huko awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali yenyewe ikautangaza kuwa ni katika magugu mabaya. Ni insafu kusema kuwa leo wako watu wapatao riziki kwa kuchoma makaa yake na kuuza fito zake, wala hatuwalaumu. Lakini mtu aliyeambukizwa ugonjwa kisha akajifunza kuuza dawa yake, hatusemi kuwa ugonjwa ule ulikuwa neema.

Sasa twauliza: nia njema ya wale walioupanda imewaondolea nini? Imewaondolea dhambi, inshallah. Lakini sharia yetu haikuishia hapo. Mtu akimlenga swala kwa mshale, mshale ukampata mwanadamu akafa, sharia haimwiti muuaji wa kusudi; wala haimwambii aende zake kwa amani kwa kuwa nia yake ilikuwa kitoweo. Iko kafara juu yake, na iko diya, na diya hiyo hubebwa na jamaa zake pamoja. Maana yake ni kwamba dhambi ni jambo moja na dhamana ni jambo jingine. Aliyepanda bila ya kujua na bila ya kuwauliza wenye nchi hana dhambi ya kukusudia, lakini dhamana iko, nayo haikuanguka kwa sababu ya moyo wake kuwa mweupe. Na mara nyingi walipao diya ya mathenge si walioupanda, bali ni mchungaji wa Turkwel ambaye hakuulizwa.

Tukirudi kwenye mche wetu uliokufa, twaiona sura ileile kwa udogo. Aliyeupanda hakumdhuru mtu, ni kweli. Lakini alichukua mche uliokuzwa kitaluni kwa maji ya watu, katika mji ambao mwanamke hupanga foleni na madumu yake bombani, akautupa. Je, hicho si kitu?

Wanazuoni wa fikhi wana mlango uitwao kufufua ardhi iliyokufa. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kuifufua ardhi mfu asiyeimiliki mtu, ardhi hiyo ni yake. Baadhi ya watu wakaja kwa hila: wakaenda jangwani wakapanga mawe kuzunguka kipande cha ardhi, wakasema hiki changu, kisha hawakulima wala hawakuchimba kisima. Kitendo hicho wanazuoni wamekiita tahjiri, nako ni kuweka alama ya mawe tu. Imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kuwa mwenye kuweka alama hana haki tena baada ya miaka mitatu ikiwa hakuifufua ardhi ile. Tazameni hekima yake. Alama haikudharauliwa, maana ni mwanzo wa kazi. Lakini haikuitwa kufufua, na ikawekewa muda. Sisi twaona kuwa kutia mche ardhini katika nchi kama yetu ni tahjiri. Ni kuweka mawe. Kufufua ni miaka miwili au mitatu ya maji, na ua, na jicho la mtu kila jioni. Basi mwenye kuuliza kama amepata thawabu ya mti, na ajiulize kwanza kama pana mti.

Tumetaja ua, na hapo pana jambo ambalo wakaao mbali hawalidhani. Mche hauwezi kuishi Lodwar bila ya ua wa miiba, kwa sababu ya mbuzi. Miiba hiyo yatoka wapi? Yatoka katika matawi ya mgunga, ewoi kwa Kiturkana, mti ambao ulikuwapo kabla ya mji. Mtu hukata matawi mengi ya mti uliosimama ili aulinde mche mmoja wa kigeni. Mche ukifa, mgunga nao umebaki kigutu, na mji umepoteza vivuli viwili kwa jina la kupanda kimoja. Huu ndio ujinga wenye nia njema.

Halafu twamlaani mbuzi. Wataalamu wawili, Reid na Ellis, waliichunguza kusini ya Turkana, na mwaka 1995 wakachapisha waliyoyaona: miche ya mgunga huota kwa wingi ndani ya maboma ya mifugo yaliyohamwa. Mbuzi hula maganda ya ewoi, mbegu hupita tumboni mwake, huangukia katika samadi, na wenye boma wakihama na mvua ikanyesha, mche huota pale palipokuwa zizi. Kumbe mchungaji tunayeambiwa kuwa ni mharibifu, yeye na mbuzi wake walikuwa wakipanda bila ya hotuba. Jambo hili halituambii tuache mbuzi wazurure mjini. Zizi lililohamwa ni jambo moja, na soko la Lodwar ambalo halihamwi ni jambo jingine. Latuambia tu kwamba tusianze kazi kwa kumdharau aliyetangulia.

Na hilo latufikisha kwenye lile neno "si pa mtu." Mgeni akifika ukingoni mwa Turkwel huona msitu usio na uzio wala hati, akasema ni mali ya serikali au haina mwenyewe. Lakini Waturkana wana desturi iitwayo ekwar. Kwa desturi hiyo, familia ina haki juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto, khasa migunga, ambayo maganda yake ni chakula cha mifugo wakati wa akamu, yaani kiangazi. Mwana hurithi kwa baba. Mgeni akitaka kulisha humo huomba ruhusa. Hukatwa matawi, haukatwi mti. Msitu ule ulisimama kwa sababu ulikuwa na watu wenye kuulizwa juu yake. Tangu bwawa la Turkwel kukamilika mwaka 1991 mafuriko ya mto hayaji tena kama yalivyokuwa yakija, na mji nao umeikaribia mito na kuimeza sehemu ya miti hiyo. Hivyo desturi yenyewe imedhoofika karibu na mji. Hatukusikia katika sherehe yoyote ya kupanda miti mzee akiulizwa: pale pana ekwar ya nani?

Waislamu tusione haya kujifunza kwa desturi hii. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haramu, miti yake isikatwe, na hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, ni jambo linalojulikana katika sharia yetu. Hatusemi kuwa ekwar na hima ni kitu kimoja, kwani ekwar ni ya familia na hima ni ya maslaha ya umma. Twasema kuwa zote mbili zimekataa ile fikira ya kwamba kisicho na uzio hakina haki ndani yake.

Na iko hadithi aliyoipokea Abu Dawud, yenye onyo kali la Moto kwa mwenye kukata mkunazi. Abu Dawud alipoulizwa maana yake alieleza kuwa makusudio ni mkunazi ulioko jangwani, ambao msafiri na wanyama hupata kivuli chake, akaukata mtu kwa dhulma na upuuzi pasipo haki yoyote. Mkunazi huo tunao. Ndio ekalale, ambao watoto wa Turkana huchuma kunazi zake. Esekon pia tunao, na kila alfajiri tunapiga mswaki kwa vijiti vyake kwa kufuata suna, kisha mchana twapita penye mti wenyewe umefukiwa mifuko na chupa. Mtume (s.a.w.) amewaonya watu juu ya mambo mawili yaletayo laana, kujisaidia katika njia ya watu na katika kivuli chao. Twamwomba msomaji akitafakari kivuli kimoja tu cha mti wa mjini anaoujua yeye, na akumbuke kilicho chini yake. Kabla ya kuomba miche mipya, vivuli tulivyo navyo tumevifanya nini?

Kakuma, ambayo ni safari ya kilomita kama 120 kutoka kwetu, swali hili limechukua sura nyingine iliyo ngumu zaidi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa kando ya mto Tarach mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu yake mwaka 2016. Leo wamo humo watu zaidi ya 250,000, na kati yao ndugu zetu Waislamu wa Somalia, Sudan na Ethiopia. Watu wote hao hupika. Mgao wa kuni hautoshi, na mkimbizi kwenda porini kuokota kuni ni kutafuta ugomvi na wenyeji. Basi mama wa kambini hutoa sehemu ya unga wake kwa mama wa Kiturkana, naye humpa kuni au makaa. Mmoja hupunguza chakula cha wanawe, na mwingine hupunguza miti ya wanawe. Mtu mwenye kusimama juu ya mimbari akawaambia wanawake hawa kuwa kukata miti ni haramu, akashuka bila ya kuwaambia watapika kwa nini, huyo hakutoa fatwa, ametoa kelele.

Lakini ndani ya kambi yenyewe mna jambo la kushangaza. Mtu asiyemiliki ardhi hata shibiri moja, asiyejua kama mwakani atakuwa hapo, hupanda mwarobaini mbele ya kibanda chake na kuunywesha kwa maji aliyooshea vyombo. Wasudani wengi waliondoka Kakuma baada ya mkataba wa amani wa 2005. Wengine wakafika wapya baada ya vita vilivyozuka Sudan Kusini mwezi wa Desemba 2013. Aliyekuja nyuma amekaa katika kivuli cha aliyeondoka, wala hawajuani majina. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu mna mche, na aupande akiweza. Wengi huisoma hadithi hii kuwa ni habari ya siku ya mwisho. Kwa mkimbizi wa Kakuma ni habari ya kila siku: apanda asichotaraji kukikalia. Tena yeye hufanya lile tunaloshindwa sisi wenye vitambulisho na viwanja, nalo ni kuunywesha mti jioni baada ya jioni pasipo kuonwa na mtu. Swali la mti huo ni wa nani akishaondoka, wa mwenye ardhi au wa mpandaji, wanazuoni wamelijadili katika mlango wa kuazimana. Sisi twapendelea mti wa namna hiyo uwekwe waqfu wa kivuli tangu siku ya kupandwa, mbele ya mashahidi wa pande mbili, mkimbizi na mwenyeji, ili usije ukawa sababu ya ugomvi.

Pana pingamizi moja la haki. Wako wasemao: mji wenye kiu una ruhusa gani ya kunywesha miti? Nao wamesema kweli kwamba mwanadamu hutangulia, kisha mnyama, kisha mmea. Utaratibu huu hatuubadili. Lakini katika misikiti ya Lodwar na Kakuma humwagika maji kila siku mara tano. Maji yaliyotumika kwa udhu, katika madhehebu yetu ya Shafi, ni tahiri ingawa hayatoharishi tena. Hayana sabuni wala chumvi, na hakuna mwanachuoni aliyezuia kunyweshea mti. Leo hupita mferejini yakatuama njiani yakazaa mbu. Mfereji mmoja mfupi wa udongo waweza kuyapeleka kwenye migunga au mikunazi mitano. Isifikiriwe kuwa twataka watu wamwage maji mengi ili miti ishibe; israfu katika udhu imekatazwa hata penye mto upitao. Twataka yale yaliyokwisha kumwagika yasipotee.

Na miti hiyo ikishakua, kivuli chake kiwe cha nani? Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa hima alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan, kwa kuwa matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, na maskini hana. Tumeliona jambo kinyume chake katika miji mingi: kiwanja kikishapendeza huzungushiwa ua, huwekwa mlinzi, na wa kwanza kufukuzwa ni mchukuzi wa mkokoteni na mama muuza samaki wa ziwani, ambao ndio waliokuwa wakiunguzwa na jua.

Kwa hayo darsa yetu imekubaliana juu ya mambo machache, na twawaomba wenye kamati za misikiti ya Lodwar, na ndugu zetu wa Kakuma, watuandikie wayaonayo. Hatutapanda mche kabla ya mtu mmoja kutajwa kwa jina kuwa ndiye mwenye kuunywesha, na mwingine wa kushika nafasi yake akisafiri. Hatutakata tawi la ewoi kwa kutengeneza ua. Fito na miiba ya mathenge iko tele, na ikatwe hiyo. Mahali petu pa kwanza ni kipande kilicho nyuma ya mahali pa kutawadhia, ambapo wazee wawili wa jirani wameshaulizwa nao wametutaka tuiache njia ya mbuzi ipite upande wa magharibi, nasi tumeiacha. Miche ni kumi na mbili. Hesabu hatutaifanya siku ya kupanda; tutaifanya mwisho wa akamu, na itakayokutwa hai ndiyo tutakayoiandika katika jarida hili, hata ikiwa ni mmoja.